Pai ya maembe ya kaskazi, ganda lililosukwa kama mkeka

Kaskazi ikianza kuvuma, Mombasa hunuka maembe. Kuanzia Novemba hadi Machi huwezi kupita Marikiti bila kukutana na mikokoteni iliyosheheni, na Kongowea ukifika mapema utayakuta yakishushwa kwa matenga, mengine kutoka Kilifi na Malindi, mengine kutoka Kwale. Miaka hii Ramadhani nayo imeingia humo humo, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Ya 2026 iliangukia Februari na Machi, maembe yakiwa bado tele sokoni. Ndiyo maana nyumbani kwetu pai hii imekuwa ya futari za mwisho mwisho na ya siku ya Idi.

Nitakueleza namna ninavyoipika mimi, hatua kwa hatua, na nitakaa zaidi kwenye ganda, kwa sababu ganda ndilo linalowashinda wengi hapa kwetu. Kosa huwa si la mikono yao. Kosa ni la saa waliyochagua kupika.

Joto ndilo la kushughulikia kwanza

Ganda la pai husimama kwa siagi baridi. Unapofikicha siagi kwenye unga na ikabaki punje punje, kila punje hukaa katikati ya tabaka za unga. Likiingia ovenini, punje huyeyuka, na yale maji yaliyomo ndani ya siagi (ni kama asilimia 16 ya uzito wake) hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaoinua tabaka na kulifanya ganda limeguke vipande vyepesi ukiligusa kwa uma. Siagi ikiyeyuka kabla, pale mezani, unga huinywa yote, na utakachotoa ovenini ni kitu kizito, kigumu, chenye kung'aa mafuta.

Sasa hesabu: siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35. Mchana wa Februari Mombasa hufika nyuzi 32 kabla hujawasha jiko.

Mara ya kwanza nilisuka pai hii saa tisa alasiri, nikitaka itoke moto wakati wa futari. Nilikuwa nimealika watu. Nilipoinua chane ya tatu, yaani utepe wa unga wa kusukia, ilirefuka mkononi kama ubani wa kutafuna, na maua niliyoyakata kwa nusu saa nzima yakalala ovenini yakawa madoa. Iliniuma sana. Khala yangu, ambaye hajawahi kupika pai lakini amesuka mikeka tangu utotoni, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, nani alikwambia kazi ya mafuta hufanywa mchana?"

Tangu hapo mpango wangu ni huu. Unga naufanya usiku baada ya tarawehe. Maembe pia nayashughulikia usiku. Kusukuma, kusuka na kukata maua nafanya baada ya daku, madirisha yakiwa wazi na upepo wa alfajiri ukiingia. Kabla jua halijapanda, pai imo kwenye friza ikisubiri oveni. Hata nje ya Ramadhani sibadilishi.

Embe gani

Usichukue embe lililoiva kabisa. Embe la kunyonya, lile linalokutiririkia hadi kwenye kiwiko, ovenini hugeuka maji. Unalotaka ni lililopevuka na kuanza tu kuiva: ukilibonyeza karibu na kikonyo linakubali kidogo, harufu imeanza kutoka, lakini kisu kinakata kipande kinachosimama. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya kupika kesho, si ya kula leo. Atakuchagulia kutoka tenga jingine.

Kwa aina, mimi huchukua ngowe nikilipata, lile refu lenye mdomo uliopinda. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyokoza na haina nyuzi za kusumbua meno. La apple, lile la mviringo, linafuata kwa karibu. Boribo ni tamu na lina harufu nzuri, lakini kwangu mimi hulegea upesi. Dodo liache kwa juisi, maana nyuzi zake zitabaki kwenye meno ya wageni.

Ongeza embe bichi moja, la aina ile ile ya kutiwa chumvi na pilipili kule ufukweni Mama Ngina. Ukali wake ndio unaozuia pai nzima isiwe utamu mtupu.

Kama umefunga, onja maembe usiku baada ya kufuturu na upange sukari hapo hapo. Asubuhi hutaweza kuonja, na embe la jana sokoni si tamu sawa na la leo.

Mahitaji

Chombo ni sahani ya pai ya bati au alumini, kipenyo cha inchi 9 (sentimita 23), kina cha sentimita 4 hivi. Ya kioo naiepuka, kwa sababu kuitoa kwenye friza na kuiingiza kwenye oveni ya moto kunaweza kuipasua.

Ya ganda:

- unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 400 (vikombe vitatu na robo vya kupimia)
- siagi isiyo na chumvi gramu 200, iliyokatwa vipande vidogo na kuwekwa friza dakika 15
- samli gramu 50, iliyogandishwa kwenye friji
- chumvi kijiko kimoja cha chai
- sukari kijiko kimoja cha mezani
- maji ya barafu mililita 90 hadi 110

Ya ndani:

- maembe kilo 2, yatakayobaki kilo moja na kitu ukishamenya na kutoa kokwa
- embe bichi moja
- sukari gramu 120, punguza au zidisha kwa ulichoonja
- konflawa gramu 35, ambazo ni kama vijiko vinne vya mezani vilivyosawazishwa
- maji ya ndimu vijiko viwili vya mezani
- iliki iliyotwangwa sasa hivi, kijiko kimoja cha chai
- kungumanga ya kukwaruza kidogo, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Ya kupaka: kiini cha yai moja, maziwa kijiko kimoja cha mezani, na nyuzi tano sita za zafarani.

Neno kuhusu unga. Usitumie ata (unga wa ngano usiokobolewa), wala ule uliotengenezwa kwa ajili ya chapati, maana huo una mnato mwingi. Na kuhusu samli: nimeitia kwa ajili ya harufu, lakini usijaribu kuifanya yote samli. Samli imechemshwa mpaka maji yake yakaisha, kwa hiyo haina mvuke wa kuinua tabaka. Gramu 50 zinatosha kulipa ganda harufu ya nyumbani bila kulifanya liwe kama kashata.

Usiku: unga

Changanya unga, chumvi na sukari kwenye bakuli pana. Tia siagi na samli, fikicha kwa ncha za vidole tu, kwa sababu viganja vina joto. Acha ukiona punje nyingi za ukubwa wa choroko na chache za ukubwa wa mbaazi. Usiendelee mpaka zipotee.

Nyunyiza maji ya barafu kijiko kwa kijiko huku ukikoroga kwa uma. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi na unga huuvuta ukiwa bado kwenye mfuko, kwa hiyo maji mengi kuliko lazima ni hatari ya kweli. Mimi huanza na mililita 90 na mara nyingi naishia hapo. Chukua konzi moja uibane: ikishikana, imetosha.

Usikande. Najua mkono uliozoea chapati na maandazi unataka kukanda, lakini kukanda huujenga mnato, na mnato ambao ni baraka kwenye chapati hulifanya ganda la pai livutike na kusinyaa ovenini. Kusanya tu mpaka lishikane, ugawe madonge matatu: mawili ya gramu 300 hivi, na la tatu, dogo, la maua. Yabonyeze yawe bapa, yafunge kwa plastiki, yaende friji mpaka alfajiri. Bapa, si mviringo, ili asubuhi yasukumike haraka.

Usiku: maembe

Menya maembe mabivu, yakate vipande vya unene wa sentimita moja na nusu. La bichi likate vyembamba zaidi. Tia sukari na chumvi, geuza geuza, yaache kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 45. Yatatoa maji mengi, na haya ndiyo ambayo yangelowesha ganda la chini.

Maji hayo, yakishapoa kama yana joto, yakorogee konflawa mpaka pasiwe na madonge, kisha weka kwenye sufuria ndogo juu ya moto wa wastani. Koroga bila kuacha. Yatakuwa meupe kwanza, halafu ghafla yatakuwa mazito na kuanza kung'aa. Yakishatokota kidogo epua. Sasa ndipo utie ndimu, iliki na kungumanga. Ndimu hutiwa mwisho kwa sababu ukali ukichemshwa pamoja na konflawa huivunja nguvu, na uzito wote ulioupata hurudi kuwa maji.

Changanya na vipande vya embe, funika, weka friji. Lazima viwe baridi kabisa asubuhi. Kitu cha uvuguvugu juu ya ganda bichi kitayeyusha kazi yako ya usiku.

Alfajiri: kusukuma

Vitabu vya nchi za baridi husema tumia chupa yenye maji ya barafu badala ya kifimbo. Hapa usijaribu. Chupa baridi kwenye hewa ya Mombasa hutoa jasho papo hapo na kuulowesha unga. Tumia kifimbo chako cha kawaida cha chapati, lakini weka donge katikati ya karatasi mbili za kuokea, na chini yake uwe na sinia la bati lililolala friza. Donge nalo likitoka friji litatoa unyevu juu. Linyunyizie unga kidogo na uendelee.

Sukuma donge la kwanza liwe duara la sentimita 32 hivi, unene wa milimita 3. Likianza kunata, usipambane nalo. Lirudishe friza dakika tano na karatasi yake. Hili ndilo jambo nililochelewa kujifunza: kurudisha friza ni sehemu ya kazi, na pai moja nzuri hurudi friza mara nne au tano.

Lilaze kwenye sahani bila kulivuta, acha ncha zining'inie kidogo, weka friji.

Kusuka

Donge la pili lisukume liwe mstatili, ulikate chane 14 za upana wa sentimita 2 kwa rula na kisu kikali. Naziita chane makusudi, maana kazi ni ile ile ya kusuka miyaa, na aliyewahi kukaa na msukaji wa mkeka tayari anajua nusu yake.

Usisuke juu ya maembe. Suka kando, kwenye karatasi ya kuokea iliyolazwa juu ya sinia baridi. Panga chane saba wima, zikiachana kwa nafasi ndogo. Kunja nyuma ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba mpaka katikati. Laza chane moja mlalo hapo katikati, kisha zirudishe zile nne juu yake. Sasa kunja ya pili, ya nne na ya sita, laza nyingine, rudisha. Endelea hivyo mpaka chini, kisha geuza sinia umalize upande wa pili. Usizibane kabisa: matundu madogo yanahitajika ili mvuke wa embe utoke.

Ukimaliza, sinia zima liende friza dakika 20. Mkeka ukishaganda unauinua kama ubao na kuuteleza mahali pake bila hata chane moja kupinda. Kabla sijajua hili nilikuwa nasuka juu ya pai yenyewe, na kila chane iliyogusa maembe ilirudi na utomvu.

Maua ya msimu

Donge la tatu ndilo la furaha. Kwa kaskazi mimi hukata majani ya muembe na asumini. Jani ni rahisi: umbo refu lililochongoka ncha mbili, mshipa mmoja wa katikati uliochorwa kwa mgongo wa kisu, na mishipa ya pembeni ikitoka kwa mshazari. Lining'inize juu ya kifimbo dakika chache ligande likiwa limejikunja, litaonekana kama limedondoka sasa hivi. Asumini nazikata petali tano tano, nyembamba, nazibana katikati kwa kijiti cha meno. Zikusanye ubavuni kama kikuba, kile kishada cha maua, usizitawanye pai nzima. Mkeka nao unataka kuonekana.

Kwa Idi, badala ya asumini nakata mwezi mwandamo mmoja mkubwa kwa kutumia bilauri mbili za ukubwa tofauti. Ukitaka kazi zaidi, tembea Mji wa Kale utazame milango ya nakshi: waridi la mviringo na mnyororo unaozunguka fremu vyote vinakatika kwenye unga. Mnyororo niliujaribu pembeni mwa pai na ukapendeza, ila ulinichukua saa nzima. Siku za kawaida nasuka chane tatu nyembamba kama msuko wa nywele na kuzungushia ukingo.

Chochote utakachokata kiwe na unene wa milimita 2 hadi 3. Kikiwa chembamba zaidi kitaungua mapema, na kikiwa kinene zaidi kitabaki kibichi chini. Vyote friza.

Kuunganisha na kuoka

Washa oveni nyuzi 220, na trei nzito iwe humo ndani tangu mwanzo. Moto wa trei utaliwahi ganda la chini kabla embe halijalilowesha.

Mimina maembe kwenye sahani, yasawazishe. Telezesha mkeka juu. Subiri dakika tatu nne ulegee pembeni, kisha bana ncha za juu na za chini pamoja, kata ziada, bandika msuko wa ukingo kwa tone la maji. Zafarani iwe imelowa kwenye maziwa kwa dakika kumi. Pigia kiini cha yai, upake kwa brashi, tabaka nyembamba. Yai likituama kwenye mishipa ya majani litaziba nakshi. Bandika maua, yapake nayo, na pai nzima irudi friza dakika 15 za mwisho.

Oka nyuzi 220 kwa dakika 20 juu ya ile trei. Shusha hadi 180, endelea dakika 40 hadi 50. Ukiona maua yamekuwa kahawia kabla ya mkeka, yafunike kwa kipande cha foili, yaliyobaki yaendelee kuiva.

Usiitoe kwa sababu ya rangi peke yake. Angalia matundu ya katikati: rojo liwe linatokota polepole na kwa uzito, na mapovu yake yawe yanang'aa. Likitokota pembeni tu, katikati bado.

Kama huna oveni

Pai hii hukubali moto wa juu na chini, kama tunavyopika mkate wa sinia. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini kina cha sentimita 2, juu yake kigae au kitako cha chuma cha kuinua sahani. Ipashe moto robo saa na kifuniko chake. Ingiza pai, funika kwa kifuniko cha bati, palia makaa juu. Makaa mengi yawe juu, machache chini, maana chini mchanga umeshabeba joto. Chungulia baada ya dakika 40, zungusha sahani, ongeza makaa palipopoa. Kwangu huchukua kama saa moja na robo. Ganda la juu hupata harufu ya moshi kidogo ambayo oveni ya stima haiwezi kuitoa, na wapo nyumbani wanaoipenda zaidi hii.

Kupoza, kukata, kupeleka

Iweke juu ya waya, mbele ya panka, kwa saa nne angalau. Nafahamu ni ngumu, lakini konflawa hushika ikipoa, na pai ya moto ukiikata humwagika yote. Iliyotoka ovenini saa nne asubuhi itakuwa tayari kwa futari.

Kata kwa kisu chenye meno, ukianza na msumeno mwepesi kwenye mkeka kabla ya kushuka. Kahawa chungu inaifaa kuliko chai ya maziwa, kwa kuwa embe na iliki tayari vimejaa mdomoni.

Ikibaki, iache nje usiku mmoja tu ikiwa imefunikwa kwa kawa au kitambaa. Baada ya hapo friji, siku tatu. Kuipasha, ovenini nyuzi 160 dakika kumi. Na unapompelekea jirani kipande, kiweke kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, si kwenye kopo lililobanwa, kwa sababu mvuke ukifungiwa humo hulainisha mkeka kabla hujafika mlangoni kwake.